Kukusanya sarafu za Mjerumani ukiwa Tabora

Mkazi wa Tabora anayetaka kuanza kukusanya sarafu za kale hana haja ya kutazama mbali, kwa sababu mji wake mwenyewe uliwahi kufua fedha. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari za Waingereza zikiwa zimefunga pwani na shehena za sarafu kutoka Berlin na Hamburg haziwezi tena kufika, Wajerumani waliigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha, wakatengeneza humo sarafu za heller 5 na 20, na baadaye sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Kazi hiyo ilidumu kwa miezi tu, kwani tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini. Kila sarafu iliyotoka karakana hiyo ina herufi T, yaani Tabora, na ushauri wangu kwa anayeanza ni kuitafuta heller 20 yenye herufi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya kutoa fedha yako, jifunze kwanza kupanga sarafu hizi kwa nyakati. Za mwanzo ni za ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: pesa za shaba nyekundu za miaka ya 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua usimamizi wa fedha, ikaacha hesabu hiyo ya 64 na kuigawa rupia katika heller 100. Neno hilo la heller ndilo tunalolitamka kila siku tunaposema hatuna hela, na nimewahi kumwona mzee mmoja akicheka kwa mshangao alipooneshwa hela yenyewe, kijisarafu cha shaba kinacholingana na ukucha wa kidole gumba. Rupia za fedha za vipindi vyote viwili zina picha ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, amevaa kofia ya kivita, na pembeni yake jina lake limeandikwa kwa Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR, kana kwamba naye alikuwa mtawala wa Roma.

Heller 20 ya Tabora haina picha ya mtu. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika au Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916. Upande wa pili ina thamani yake ndani ya matawi, na T chini. Nyingi ni za shaba ya manjano, nyingine ni za shaba nyekundu. Kwa kuwa vyuma vilikusanywa popote vilipopatikana, pamoja na maganda ya mizinga, na mihuri ya kugongea ilichongwa hapohapo, sarafu hizi hazifanani. Unene hutofautiana, taji huwa kubwa kwenye baadhi na dogo kwenye nyingine, na herufi L mbili za neno HELLER zina miisho iliyochongoka au iliyopindwa kulingana na muhuri uliotumika. Hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa sababu mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kukaa miaka akitafuta aina zote za sarafu moja tu. Nunua lenzi ya fundi saa, keti mahali penye mwanga wa pembeni badala ya jua la utosini, kisha linganisha herufi moja baada ya nyingine.

Kuhusu ile ya dhahabu, yenye tembo aliyesimama mbele ya mlima, nasema kwa ufupi: usianze nayo. Zilitengenezwa 16,198 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na sifa yake imewavutia watengenezaji wa sarafu bandia kuliko sarafu nyingine yoyote ya nchi hii. Mgeni akikujia nayo jioni imefungwa kwenye kitambaa, akakuambia kwamba anauza kwa sababu ya shida na kwamba uamuzi ni wa usiku huohuo, mshukuru na umwage. Vilevile usisikilize hadithi za rupia zenye nguvu za ajabu zinazotafutwa na matajiri wasiotajwa. Rupia ni gramu 11.66 za fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, basi.

Upimaji wenyewe si mgumu. Sumaku haivuti fedha, shaba wala dhahabu, kwa hiyo sarafu inayonasa kwenye sumaku iweke kando mara moja, ingawa ile isiyonasa bado haijathibitika. Kisha itazame ukingo wake: sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi ina mstari mwembamba unaozunguka ukingo, na usoni ina vitundu vidogo kama vya mkate. Baada ya hapo nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma sehemu za mia za gramu. Ipime kavu, halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe hesabu kwenye sifuri, na uining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa glasi wala chini yake. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Rupia halali itakupa jibu linalokaribia 10.3, wakati shaba ya manjano iliyopakwa rangi ya fedha hukaa karibu na 8.5. Kwa sarafu ya tembo, yenye uzito wa zaidi kidogo ya gramu 7, mizani ya majini inapaswa kusoma kama nusu gramu hivi. Ikikaribia sehemu nane za kumi za gramu, umeshika shaba.

Sasa nije kwenye kosa ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya, nami nililifanya. Heller 20 yangu ya kwanza ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na kwa kutaka ing'ae niliisugua kwa ndimu na majivu kama mtu anayesafisha sinia la harusi. Iling'aa kweli, lakini rangi iliyochukua miongo mingi kujijenga iliondoka pamoja na ncha za matawi, na mnunuzi yeyote anayejua kazi yake huitambua sarafu iliyosuguliwa akiwa bado hajaishika. Dawa ya meno, mchanga, stili wuli na vimiminika vya kung'arishia vyombo vyote vina madhara hayohayo. Kama kuna udongo ulioganda, iloweke sarafu kwa siku kadhaa kwenye maji yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha kila siku, kisha uikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa cha pamba pasipo kusugua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa. Ukinunua maji gereji, hakikisha unapewa yaliyochujwa ya kujazia betri na si asidi, kwa maana watu wengi huviita vyote viwili maji ya betri.

Sarafu zenyewe hupatikana zaidi majumbani kuliko madukani: kwenye makasha ya bibi zetu, kwenye shanga za zamani, kwa masonara ambao wasipoombwa mapema huyeyusha rupia kutengeneza bangili, na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzee anayekuuzia mweleze ukweli wa unachokinunua. Usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mali za kale bila leseni, na mashimo yanayochimbwa na wanaotafuta mali za Wajerumani huharibu historia ambayo haitarudi.

Sarafu yenye tundu isikutie shaka papo hapo, kwa kuwa heller 10 ilitoka kiwandani ikiwa na tundu la duara katikati. Tundu lililo karibu na ukingo ndilo lililotobolewa na mtu ili kuivaa. Hiyo hushuka thamani sokoni, lakini mimi huzihifadhi, maana zinaonesha jinsi zilivyotumika.

Kila sarafu iweke kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, si kwenye mfuko laini wa plastiki ambao baada ya muda hutoa utando wa kijani unaonata. Walio Kigoma na Ujiji, ambako ziwa huleta unyevu, waongeze kwenye kasha vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Juu ya bahasha andika kwa penseli namba tu, na kwenye kaunta buku uandike mbele ya namba hiyo uzito, aina ya muhuri, tarehe uliyoipata, kijiji ilikotoka, na maneno ya aliyekupa kama alivyoyasema.