Dalali akibisha hodi kwa deni la kodi ya ardhi

Dalali akija kwako Malindi kudai kodi ya ardhi ya kaunti, mwombe leseni na hati ya mahakama kabla hajavuka kizingiti. Akiwa nayo, ataorodhesha vitu pamoja na thamani na hali ya kila kimoja, kisha akupe notisi ya siku 7 ulipe kabla vitu havijachukuliwa. Siku hiyo ya kuorodhesha habebi kitu. Isome orodha kabla ya kutia sahihi: friji nzima ikiandikwa “mbovu”, huenda ikaenda kwa bei ya chuma chakavu. Vitanda, matandiko, sufuria, nguo za lazima na zana za kazi sheria imevikinga, basi cherehani ya fundi ikiandikwa, kataa papo hapo. Kabla siku 7 hazijaisha, omba kaunti ulipe kwa awamu, kwa maandishi, na nakala umpe dalali. Pesa usitoe bila risiti.