Jinsi ya kuomba kupitia magazeti ya zamani ya Daily News na kumbukumbu zake bila kurudishwa mapokezi

Kabla hujaandika barua ya kuomba kupitia Daily News, gazeti la serikali ya Tanzania, amua unatafuta nini: gazeti lenyewe, au makaratasi ya nyuma ya gazeti. Gazeti ni zile nakala zilizouzwa mtaani. Makaratasi ya nyuma ni barua za wahariri, uteuzi, mihutasari ya vikao, malalamiko ya wakubwa. Kwa maofisa hayo ni maombi mawili, ya ofisi mbili. Ukiyabana kwenye barua moja, kila meza itaamini kwamba inamhusu mwenzake.

Viambatisho mnavijua: kitambulisho, nakala yake, picha ndogo, muhtasari wa utafiti. Mwanafunzi au mwalimu wa chuo hapa nchini apate barua ya kibali kutoka chuoni kwake. Mgeni aanzie COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, na asikate tiketi ya ndege kabla kibali hakijatoka.

Sasa tuje kwenye barua, maana hapo ndipo muda wangu wote ulipoishia. Ofisi ya chuo iliniandikia kwa mtindo wake wa siku zote: "YAH: MAOMBI YA KUPITIA GAZETI LA DAILY NEWS, 1965–1975." Nikaipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akaisoma kama msahafu, akaniletea Daily News kuanzia 1972. Miaka ya nyuma? "Barua yako inasema Daily News, kaka. Kabla ya hapo hakuna Daily News." Na kweli hakuna. Nikarudi chuoni kuomba barua nyingine. Mwenye kusaini alikuwa kwenye kikao, na kikao kile kilikuwa na maisha marefu.

Kwa hiyo andika majina yote, kila jina na miaka yake. Gazeti lilianza mwaka 1930 hapa Dar es Salaam likiitwa Tanganyika Standard, mali ya kampuni binafsi iliyokuwa na mizizi Nairobi. Baadaye likawa The Standard. Tarehe 5 Februari 1970, Azimio la Arusha likitimiza miaka mitatu, Mwalimu Nyerere akalitaifisha. Yeye mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na kazi za kila siku akapewa Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Mwaka 1972 The Standard likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la chama tawala, TANU, ndipo likazaliwa Daily News chini ya Benjamin Mkapa.

Tazama jinsi hiyo inavyobadilisha maombi yako. Anayemtafuta Mkapa mhariri aombe pia The Nationalist, kwa sababu alikuwa kule tangu 1966. Anayetaka tahariri iliyomkosoa Rais Nimeiry wa Sudan, ile iliyomwondoa Ginwala kwenye kiti, aandike "The Standard, Julai na Agosti 1971". Akiandika Daily News ataambiwa haipo, na aliyemwambia hatakuwa amedanganya.

Barua ielekeze kwa cheo, usiiandikie mtu. Mtu huhamishwa, na barua yenye jina lake humfuata Mtwara. Ikishapokelewa masijala, omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na namba ya kumbukumbu. Usione haya kuomba. Bila namba hiyo, utakaporudi utaambiwa "barua haijaonekana" na huna cha kujibu.

Kwa nakala zilizochapishwa anzia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au kitengo cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mahali popote utakapoenda, kabla ya kulipa ada uliza kama miezi unayoitaka imejalidiwa na iko rafuni. Orodha inaweza kusema mwaka mzima upo, ukafungua jalada ukakuta Machi imerukia Juni. Uliza pia kama mashine ya mikrofilamu, ile ya kusomea kurasa zilizopigwa picha ndogo kwenye filamu, inafanya kazi leo. Ukiuliza kama ipo utajibiwa ipo, na kweli ipo.

Makaratasi ya nyuma ni safari nyingine: Nyaraka za Taifa, Upanga. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaweka kiwango cha miaka 30 kabla jalada la serikali halijafunguliwa kwa umma, kwa hiyo usipoteze nguvu kuomba mambo ya juzi. Na kumbuka ule mstari wa 1970. Kabla ya hapo gazeti halikuwa la serikali, hivyo usitegemee kukuta mihutasari ya chumba cha habari. Utakachokuta ni serikali ikizungumza kuhusu gazeti: maofisa wa kikoloni wakinung'unika juu ya habari fulani, barua za idara ya habari. Omba kwa mada, yaani magazeti, uchapaji, habari. Ukitafuta kwa jina la gazeti peke yake utapata kidogo sana. Uliza mapema pia kama jalada liko Upanga au limehifadhiwa Dodoma.

Ruhusa ya kusoma haikupi ruhusa ya kupiga picha. Hiyo omba kwenye barua ileile, kwa sentensi yake yenyewe, la sivyo simu itabaki kwenye kabati la mapokezi nawe utanakili kwa penseli. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, na mtandao una tabia ya kuwa chini, hasa karibu na saa sita mchana. Fika asubuhi, chukua namba kwanza, salamu ndefu baadaye.

Ila salamu usiache. Kwenye chumba cha usomaji kuna wazee waliozoea rafu kuliko orodha yoyote. Mwamkie shikamoo, mtajie mwaka na tukio badala ya namba ya jalada, kisha umwache aende ndani mwenyewe. Ukimharakisha atakuletea ulichoandika kwenye fomu, basi.