Gitaa la nailoni visiwani: kulichagua kwa fedha chache na kulitia nyuzi

Gitaa la klasiki, yaani lile la nyuzi za nailoni, lililoundwa kwa mkono si lazima liwe ghali ndiyo liwe zuri. Lakini kwa hali ya hewa ya Unguja na Pemba ni lazima liwe zima. Unyevu wa hewa yetu hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, ilhali mafundi wengi huunganisha mbao zao katika karakana yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Mbao ikitoka huko ikaja kwetu, hunywa maji na kuvimba. Kwa hiyo anayenunua aanze na mbao na gundi. Sauti aisikilize mwisho, maana nyuzi zilizochoka hulifisha gitaa zuri, na nyuzi mpya hulipamba bovu.

Aliyezoea udi hatapotea: uso, mbavu, mgongo, shingo na kichwa ni vilevile. Daraja ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa usoni ambapo nyuzi hufungwa. Mbele ya fundo umechomekwa mfupa wa chini, na mwisho wa shingo, karibu na kichwa, upo mfupa wa juu. Ndani, chini ya uso, mna vijiti vyembamba vinavyoushika kama mataruma yanavyoshika jahazi. Katika gitaa la klasiki vijiti hivyo hutawanyika kama vya upepeo, mpangilio uliokomazwa na Antonio de Torres (1817–1892), fundi wa Almería, Uhispania. Urefu wa uzi wa milimita 650, unaotumika mpaka leo, nao umetokana na kazi yake.

Mbao gani

Swali la kwanza ni kama uso ni mbao nzima au plaiwudi. Tazama ukingo wa tundu la sauti kwa tochi ya simu. Mistari ya mbao ikishuka kutoka usoni na kuendelea kwenye unene wa ukingo, hiyo ni mbao nzima. Ukiona matabaka kama ya andazi lililokatwa, ni plaiwudi, hata kama muuzaji anaapa. Baadhi ya watengenezaji hufunika ukingo kwa rangi au kwa pambo. Hapo tazama kwa ndani, ulinganishe mistari ya chini ya uso na ya juu yake.

Nyuso nyingi ni za sprusi, mbao nyeupe inayokaribia rangi ya malai, au za mwerezi, ambayo ni ya hudhurungi. Sprusi ni ngumu kidogo na sauti yake hufunguka taratibu kwa miaka. Mwerezi huimba tangu siku ya kwanza lakini huchubuka hata kwa ukucha. Kwa mwenye fedha chache anayeishi visiwani, ushauri wetu ni uso wa mbao nzima, mgongo na mbavu za plaiwudi. Uso ndio unaotoa sauti kubwa, na plaiwudi ya mgongoni haivimbi wala haipasuki upesi. Gitaa la mbao nzima kila upande linataka matunzo ambayo nyumba isiyo na chumba kikavu haiwezi kuyatoa.

Ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo ambapo nyuzi hubonyezwa, ukiwa mweusi tititi, usikubali haraka kuwa ni mpingo. Sugua pembeni kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Mpingo hauchuji, mbao nyeupe iliyopakwa wino huchuja.

Kulikagua gitaa kabla ya kulipa

Nenda na futi ya milimita, karatasi moja nyembamba na tochi. Ingiza ncha ya karatasi nyuma ya daraja, upande wa kitako. Karatasi ikipenya hata milimita mbili, daraja limeanza kubanduka. Magitaa mengi ya mkono hutumia gundi ambayo hulegea kwa joto, na gari lililofungwa vioo juani linatosha kuilegeza. Kulibandika upya si kazi kubwa kwa fundi mwangalifu, ila gharama yake itolewe kwenye bei.

Kisha gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu. Mlio uwe mmoja, wa kujaa. Ukisikia mtetemo kama wa kopo, taruma moja limeachia ndani. Mulika pia kama kuna vitundu vidogo vyenye unga: hao ni bungua, na gitaa lililobunguliwa usiliingize nyumbani hata ukipewa bure, kwani wadudu watahamia kwenye makabati.

Shingo ndiyo isiyosameheka, kwa sababu magitaa mengi ya klasiki hayana chuma cha kurekebishia ndani ya shingo. Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole, huhesabiwa kuanzia kichwani. Bonyeza uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) kwenye freti ya kwanza na ya kumi na mbili kwa pamoja, halafu tazama nafasi iliyobaki katikati, karibu na freti ya saba. Iwe kama unene wa kadi ya biashara. Ikiwa uzi umelala kabisa, nyuzi zitakereza. Ikiwa nafasi ni kubwa kiasi cha kupitisha sarafu, shingo imepinda na tiba yake ni ghali kuliko gitaa lenyewe.

Sasa pima. Kutoka mfupa wa juu hadi freti ya kumi na mbili iwe milimita 325, na kutoka hapo hadi mfupa wa chini 325 tena na nyongeza ya moja au mbili. Nyongeza hiyo ni ya makusudi, maana uzi ukibonyezwa huvutika na kupanda sauti. Gitaa lenye vipimo vilivyokosewa hapa halitatunika kamwe, hata ulitie nyuzi za dhahabu. Upana wa shingo kwenye mfupa wa juu ni 50 hadi 52. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya kumi na mbili: milimita 4 kwa uzi wa sita, 3 kwa wa kwanza.

Kimo kikizidi, usilikatae gitaa upesi. Huenda uso umevimba kwa masika tu. Mfupa wa chini huchomoka. Sugua kitako chake kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, ukijua kwamba kushusha nyuzi milimita 1 kwenye freti ya kumi na mbili kunataka kuondoa milimita 2 za mfupa. Wachezaji waangalifu huwa na mifupa miwili, mfupi wa masika na mrefu wa kaskazi. Mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa, ukasafishwa mafuta na kukaushwa vizuri, ni bora kuliko plastiki inayokuja na magitaa ya bei nafuu.

Nyuzi

Kosa linaloua magitaa mengi ni kutia nyuzi za chuma. Seti ya nailoni yenye mvuto wa kawaida huvuta uso kwa takriban kilo 40. Seti ya chuma huvuta zaidi ya kilo 60, na mataruma ya upepeo hayakuundwa kubeba mzigo huo. Daraja litang'oka pamoja na vipande vya uso. Nyuzi za mwanzo za gitaa hili zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni iliingia miaka ya 1940, Albert Augustine alipoanza kuitengeneza New York.

Pakiti ikiwa imechanika na nyuzi zimechanganyika, zitambue kwa unene. Nailoni tupu: wa kwanza (mi) milimita 0.71, wa pili (si) 0.82, wa tatu (sol) 1.02. Zilizozungushiwa waya: wa nne (re) 0.74, wa tano (la) 0.89, wa sita (mi) 1.09. Chukua mvuto wa kawaida. Mvuto mkali uwaachie wenye madaraja mapya.

Badilisha uzi mmoja mmoja ili uso usipoteze mvuto wote ghafla. Laza kipande cha boksi nyuma ya daraja. Pitisha ncha ya uzi katika tundu la daraja, ukitokea upande wa tundu la sauti kwenda upande wa kitako, na uache sentimita 10 zitokeze. Irudishe ncha juu ya daraja, ipite chini ya uzi wenyewe mbele ya daraja, kisha irudi nyuma. Sasa una kitanzi kilicholala juu ya daraja. Kwa besi, yaani zile tatu zilizozungushiwa waya, penyeza ncha chini ya kitanzi mara moja. Kwa nailoni tupu, izungushe mara mbili, na kwa uzi wa kwanza mara tatu, kwani unateleza.

Hapa ndipo wengi hukosea: mpenyezo wa mwisho lazima ukae nyuma ya ukingo wa daraja, ubanwe kwenye ukuta wake wa nyuma. Ukibaki juu ya daraja, fundo litateleza uzi ukikazwa, ncha itachapa kama mjeledi na kuuchimba uso. Hilo boksi ni kwa ajili ya ajali hiyo. Unaweza pia kuichoma ncha ya uzi wa kwanza kwa kiberiti mpaka ifanye kishanga, mbali na gitaa, kabla ya kuufunga.

Kichwani, pitisha uzi kwenye tundu la mhimili wa ufunguo wa kukazia, uuzungushe mara moja na kuupenyeza chini yake wenyewe, kisha kaza. Uzi upite juu ya mhimili. Mizunguko miwili inatosha besi, mitatu nailoni tupu. Ikizidi, uzi huchelewa kutulia. Ielekeze upande utakaouacha uzi uende moja kwa moja kutoka kwenye mfupa wa juu bila kusugua ukuta wa mfereji.

Tuni kwa programu ya simu, ukipanda daima kutoka chini: ukipita sauti, legeza hadi chini yake kisha panda tena, la sivyo meno ya ufunguo yatarudi nyuma yenyewe. Nailoni mpya hushuka kwa siku tatu hadi tano. Hilo si ugonjwa. Itune asubuhi, mchana na usiku, usiivute kwa nguvu ukidhani unaiharakisha. Ukipiga na kikundi cha taarab, fuata akodiani, kwa kuwa yenyewe haiwezi kukufuata.

Kulihifadhi

Libaki ndani ya sanduku lake pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu na simu. Kusanya kumi au kumi na mbili, na uvioke kwa moto mdogo kila vikishiba, ikiwa kifuko ni cha kitambaa. Kipima unyevu kidogo ndani ya sanduku kisome kati ya asilimia 45 na 60. Usilitoe chumba cha kiyoyozi na kulipeleka barazani mara moja: liache ndani ya sanduku nusu saa lizoee. Ukivuka bahari kwenda Pemba, shusha nyuzi zote nusu sauti na usiliweke sitaha.

Hewa ya chumvi hula besi kwanza, kwani waya wake ni shaba iliyopakwa fedha. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini. Zikianza kuwa nyeusi juu ya freti na sauti kuwa butu, badilisha hizo tatu peke yake. Nailoni tupu inaweza kuendelea kwa seti mbili za besi, isipokuwa ukipitisha ukucha chini yake na kukuta vijishimo vya freti.