Mkopo wa nyumba kwa mume na mke wenye rekodi mbaya ya madeni: anzeni na karatasi zenu

Barua ya kukataliwa ilitufikia siku ya nne baada ya kupeleka maombi. Ilikuwa fupi: rekodi ya ulipaji hairidhishi. Rekodi ya nani, haikusema. Mimi nilidhani ni yangu, maana miaka mitatu nyuma nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu akashindwa kulipa. Mume wangu alinyamaza usiku kucha, nikajua naye ana lake.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuomba pamoja, kabla ya kukanyaga benki, kila mmoja achukue ripoti yake kwa wakala wa taarifa za mikopo, yaani kampuni inayotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni. Kuiangalia ripoti yako mwenyewe hakukupunguzii alama, ile namba inayoonyesha unavyoaminika kulipa. Kufunga ndoa hakuunganishi rekodi, kila mtu hubaki na yake, ila mkiomba pamoja mkopeshaji huzisoma zote mbili, na iliyo mbaya ndiyo humtia wasiwasi. Zisomeni mkiwa mmekaa pamoja, na mkubaliane mapema kwamba hakuna atakayefoka. Sisi tulipitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye yake ukatokea mkopo wa simu uliobaki tangu alipobadilisha laini, deni lisilofika bei ya jozi ya viatu, limeandikwa kuwa ameshindwa kulipa. "Mama Asha, nilijua lipo," akasema, "niliona aibu kukwambia." Kwenye yangu ulikuwepo ule udhamini, na pia mkopo niliokwisha kuumaliza ambao ulionekana bado nadaiwa.

Kila mstari una dawa yake. Ulio na kosa, upingeni kwa maandishi na kuambatisha stakabadhi ya malipo ya mwisho. Pelekeni kwa wakala, na nakala kwa aliyekukopesheni, kwa sababu yeye ndiye chanzo cha taarifa hizo. Stakabadhi yangu niliipata ndani ya faili la kadi za kliniki za watoto, wino umefifia lakini namba inasomeka. Deni dogo, lipeni lote mara moja, kisha mdai barua inayothibitisha kwamba hamdaiwi. Msiondoke bila barua hiyo. Deni kubwa lisilolipika kwa mkupuo, nendeni mkajadiliane malipo ya awamu, na makubaliano yaandikwe. Mjue tu kwamba deni lililochelewa halifutiki siku mnapolilipa. Hubaki kwenye rekodi kwa miaka kadhaa, lakini deni lililolipwa na deni lililotelekezwa ni vitu viwili tofauti mbele ya afisa mikopo.

Baada ya hapo mnangoja. Sisi tulijipa miezi 12 ya kulipa kila kitu kabla ya tarehe yake, na tuliagiza benki ikate yenyewe siku ya mshahara. Kama mna kadi ya mkopo, jitahidini deni lake lisizidi asilimia 30 ya kiwango mlichoruhusiwa. Na msitawanye maombi kwa wakopeshaji watano kwa pamoja, kwani kila ombi rasmi huacha alama kwenye rekodi, na zikirundikana mnaonekana watu waliokabwa na shida.

Sasa swali linalogombanisha wengi: aombe nani? Mkiomba wote, vipato viwili vinahesabiwa na mnaweza kupewa kiasi kikubwa zaidi, lakini na rekodi mbaya inaingia. Akiomba mwenye rekodi safi peke yake, riba inaweza kuwa nafuu, ila kipato chake tu ndicho kitakachopimwa. Wakopeshaji wengi hawapendi marejesho yote ya mwezi, pamoja na mikopo mingine, yapite theluthi moja hadi asilimia 40 ya kipato. Pigeni hesabu zote mbili kwenye karatasi. Kwa mfano, mkopo wa 100,000 wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 unalipwa kama 1,101 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 15, unakuwa 1,317. Hiyo 216 inayoongezeka inaonekana ndogo, lakini hadi mwisho wa mkopo inafika karibu 52,000, zaidi ya nusu ya fedha mlizokopa. Nilipoiona hesabu hiyo nilikubali kungoja mwaka mzima bila kunung'unika tena.

Jambo moja nawasihi hasa kina mama wenzangu, na kina baba pia. Jina kwenye mkopo na jina kwenye hati ya nyumba ni mambo mawili. Anayesaini mkopo anadaiwa wote, si nusu, hata mwenzake akiondoka. Na asiye na jina kwenye hati anaweza kuchangia miaka yote akabaki bila karatasi ya kumlinda. Mkiamua mmoja aombe, muulizeni mwanasheria, kabla ya kusaini, jina la mwingine litaingiaje kwenye hati. Sisi tuliomba wote wawili.

Siku ya kurudi tulibeba malipo ya awali makubwa kuliko yale ya mwanzo, maana mkopeshaji akiona mmeweka fedha zenu nyingi ndani ya nyumba, hatari yake inapungua. Tulibeba pia barua ya ukurasa mmoja: deni gani, lilitokana na nini, lililipwa lini, na ushahidi uko ukurasa gani. Hatukuandika visingizio wala kumlaumu yule niliyemdhamini. Afisa aliisoma akipigia mstari tarehe kwa penseli, akatuuliza maswali mawili tu.

Mkikubaliwa, bado msitulie kabisa. Mpaka fedha zitoke, msichukue samani kwa mkopo, msimdhamini mtu, wala msibadilishe kazi kama mnaweza kusubiri, maana mkopeshaji anaweza kukagua rekodi zenu tena siku chache kabla ya kulipa.