Punguza faili la Wasm kabla ya kulipandisha

Mnaoandika kwa Rust au C++ na kukompaili kuwa WebAssembly (Wasm), yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya brauza, msipandishe faili kama lilivyotoka. Lililojengwa kwa majaribio limebeba taarifa za kusaka hitilafu ambazo mtumiaji wa Gulu hazimhusu, ila bando lake ndilo linalozilipia. Kwa Rust, jenga kwa `--release`, ukiweka `opt-level = "z"` na `lto = true` kwenye Cargo.toml, na anayetumia Emscripten, kompaila ya C++ kwenda Wasm, atumie `-Oz`. Halafu lipitishe kwenye `wasm-opt -Oz`, zana ya Binaryen, na seva ilibane kwa Brotli au gzip. Kama kazi yenyewe ni nzito, mfano kuchakata picha, pima na `opt-level = 3` pia, maana "z" wakati mwingine hula kasi.

Kinachosahaulika sana ni seva kutuma `Content-Type: application/wasm`. Bila hiyo `instantiateStreaming`, amri ya JavaScript ya kupakia Wasm, inagoma, na wengi hukwepa kwa kushusha faili zima kwanza ndipo likompailiwe. Ikikubali, brauza hukompaili huku baiti zikiendelea kuingia. Kwenye 3G ya kusuasua utaiona tofauti. Hakiki kwa `curl -I` na anwani ya faili.