Jinsi ya kutafsiri lugha ya alama hospitalini, kuanzia simu ya kwanza hadi dirisha la dawa

Mwongozo huu ni wa wakalimani wa lugha ya alama ambao wameshaiva kwenye mikutano, madarasani na kwenye ibada, na sasa wameanza kuitwa hospitalini. Ukumbini, sentensi moja ikikuponyoka, watu wataidaka maana kwenye inayofuata. Kwa daktari hupati nafasi hiyo. Kanuni yangu ni moja: sionyeshi kwa mikono kitu ambacho mimi mwenyewe sijakielewa mpaka nikakiona kichwani. Hatua zote hapa chini zinatoka humo.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kukubali

Usiikubali kazi kwa sababu tu siku hiyo huna shughuli. Uliza ni idara gani, ni mara ya kwanza au ni marudio, na mgonjwa anatumia lugha gani ya alama. Swali hilo la mwisho huwashangaza wanaodhani lugha ya alama ni moja dunia nzima. Lugha ya Alama ya Marekani na ile ya Uingereza hazielewani, hata alfabeti zake ni mbali: ya Marekani huonyeshwa kwa mkono mmoja, ya Uingereza kwa miwili. Uliza pia kama mgonjwa ni kiziwi asiyeona, maana hapo utafanya kazi mikono yake ikiwa juu ya yako, na hutaweza kukaa ng'ambo ya meza.

Kama mgonjwa hakupata shule, au anajua alama za nyumbani kwao tu, omba mkalimani ambaye naye ni kiziwi mfanye kazi wawili. Wewe unampa maneno ya daktari kwa alama, yeye anayageuza yawe kitu ambacho mgonjwa anakishika, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Daktari anaweza kuona ni mzunguko usio na sababu. Mvumilie. Mgonjwa aliyekuwa akiitikia tu akianza kuuliza maswali, ubishi huisha wenyewe.

Kataa kazi ikiwa mgonjwa ni ndugu yako. Na ukiambiwa "basi hatukuhitaji, amekuja na binti yake," sema wazi kwamba binti si mkalimani. Atapunguza makali ya habari mbaya, atayaruka maswali ya chumbani, na siku nyingine ni mtoto wa shule anayelazimika kumwambia mama yake kwamba ana saratani. Ukitaka cha kushika mkononi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unawataja wakalimani wa lugha ya alama katika kifungu cha 9, na kifungu cha 25 kinadai mgonjwa akubali matibabu kwa hiari na akiwa ameelewa. Kanada walifika mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya Eldridge, kwamba kuwanyima viziwi mkalimani hospitalini ni ubaguzi. Mmoja wa walalamikaji alijifungua mapacha kabla ya wakati bila mkalimani. Muuguzi alimwonyesha kwa ishara za mikono kwamba mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yameshuka, watoto wakachukuliwa mara tu walipozaliwa, na mama akaandikiwa kikaratasi kifupi kwamba hawajambo.

Hatua ya 2: Pima lugha, usichukue historia ya ugonjwa

Fika mapema, mzungumze mambo ya kawaida: safari ilikuwaje, amesubiri muda gani. Unachotafuta ni kasi yake, alama za kwao na kama anatahajia kwa vidole. Akianza kukueleza ugonjwa wake, mwombe akuwekee mpaka daktari aingie. Akishakusimulia wewe, kwa daktari atatoa muhtasari tu, na wewe utajikuta unajua vitu ambavyo havijasemwa chumbani.

Hatua ya 3: Chagua pa kukaa

Kaa pembeni ya daktari, nyuma yake kidogo, ukimtazama mgonjwa, ili kwa mtupo mmoja wa macho awaone wote wawili. Usikae na dirisha mgongoni, atakuona kivuli. Wakati wa kumpima mwili, hamia upande wa kichwa chake, pazia libaki kati yako na sehemu inayopimwa. Chumba kikitaka giza, kama cha vipimo vya macho, omba taa ndogo iachwe ikikumulika mikono na uso. Isipowezekana, maelezo yote yatolewe kabla ya taa kuzimwa.

Hatua ya 4: Mpe daktari maelezo mafupi

Yangu huwa hivi: "Daktari, zungumza na mgonjwa mwenyewe, mimi nitafuata. Nikisema 'tumbo linaniuma', ni tumbo lake. Kila kitakachosemwa humu nitamfikishia, na nisipoelewa nitakusimamisha." Yanatosha. Ataendelea kusema "muulize kama anatapika" kwa dakika kadhaa. Usimsahihishe kila mara, mgeukie mgonjwa kwa macho na mkono, naye daktari atageuka.

Kuna atakayekwambia mgonjwa huyu anasoma midomo vizuri. Mwombe ajaribu kitu kimoja: atamke bila sauti "baba", "mama" na "papa", mwenzake akisie lipi ni lipi. Midomo inafanya jambo lilelile mara tatu. Na kwa aliyevaa barakoa hakuna hata midomo ya kusoma. Barakoa hukuathiri wewe pia, kwa sababu uso ni sehemu ya sarufi: nyusi ndizo zinazotofautisha swali na taarifa. Omba ya plastiki inayoonyesha mdomo. Ikikosekana, tia alama ya swali wazi kwa mikono na upunguze kasi.

Hatua ya 5: Usionyeshe maumivu yasiyo na mahali

Hapa ndipo wakalimani wa mikutano hukwama. Kwa mdomo mtu anaweza kusema "upasuaji" bila kusema wa wapi. Kwa alama, katika lugha nyingi, mkono unapasua mahali fulani mwilini. Ukipasua tumbo kwa mazoea, umeshamwambia mgonjwa atapasuliwa tumbo, kumbe daktari alikuwa anazungumzia goti. Maumivu nayo ni hivyo hivyo: alama yake husogezwa mpaka panapouma.

Kwa hiyo, daktari akisema "tutafanya upasuaji mdogo", shusha mikono uulize: "Wapi, Daktari, na mkato ni wa ukubwa gani?" Akisema "uvimbe", uliza uko upande gani na umekaa ndani au juu ya ngozi. Hata kama wewe unajua, bado muulize, maana jibu ni lake.

Upande wa pili faida ni yako. Kiziwi akieleza maumivu, mikono inakupa vitu ambavyo msikiaji angeulizwa moja moja: yanachoma au yanapwita, yanaanzia kiunoni yanashuka mguuni, yanakuja na kuachia. Yaseme yote kwa sauti. Usiyafupishe yakawa "mgongo unamuuma", kwa sababu yale ya kushuka mguuni ndiyo yanayomwelekeza daktari kwenye neva.

Tafsiri kwa kupokezana, yaani mmoja amalize ndipo ufikishe, kila inapohusu historia ya ugonjwa, ridhaa na dozi. Kutafsiri papo kwa papo kuache kwa salamu na maelezo mepesi.

Hatua ya 6: Kuitikia kwa kichwa si kukubali

Mgonjwa akiitikia kwa kichwa wakati unaonyesha, mara nyingi anakwambia "nakufuata, endelea". Daktari huona amekubali, anasogeza fomu. Simamisha: "Daktari, sijapata jibu lake bado. Ungemwomba aeleze kwa maneno yake atakachofanyiwa?" Zingatia kwamba anayeomba ni daktari. Ukianza kumhoji mgonjwa mwenyewe umeshakuwa muuguzi, na hakuna aliyekuajiri kwa kazi hiyo. Fomu nayo isipewe mkononi tu. Kwa viziwi wengi lugha ya maandishi ni ya pili, hivyo daktari aisome, wewe utafsiri.

Hatua ya 7: Linda mikono na macho yake

Dripu iwekwe mkono asiotumia sana kwa alama, na mikono yote miwili isifungwe kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayetumia alama, hiyo ni sawa na kumziba mdomo.

Kabla ya nusu kaputi, kubalianeni ishara chache na wahudumu: kugusa bega mara mbili maana yake fumbua macho, kubana mkono maana yake vuta pumzi. Omba uwepo anapozinduka, lakini usitegemee alama zilizonyooka. Macho hayajatulia na mikono ni mizito.

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, ina sumaku kubwa, hivyo wewe pia unahojiwa kuhusu chuma mwilini kabla ya kuingia, na mgonjwa mwenye kipandikizi cha sikio lazima aseme mapema, kwa sababu ndani yake mara nyingi kuna sumaku. Akiwa ndani hatakuona. Apewe kitufe cha kubana, na mkubaliane ishara ya kugusa mguu. Kwenye eksirei, maelezo yaishe kabla hamjatoka chumbani, hasa lile la "shika pumzi": mpangiane ishara atakayoiona kupitia kioo.

Hatua ya 8: Daktari akitoka, toka

Kaa nje ya mlango. Ukibaki peke yako naye atakuuliza, "Wewe unaonaje, nikubali?" na hapo hakuna jibu salama.

Hatua ya 9: Nenda naye mpaka dirisha la dawa

Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa kuwa mkalimani ameshaaga. Pakiti imeandikwa 2x3. Mgonjwa asiyeelezwa anaweza kuzidisha akapata sita, akavimeza vyote asubuhi. Mwombe mfamasia aseme saa, kisha wewe uzionyeshe kwa mwendo wa jua: viwili linapochomoza, viwili likiwa utosini, viwili limezama. Kabla ya chakula au baada, onyesha kwa mpangilio: kwanza kula, kisha kidonge. Mfamasia amwombe mgonjwa arudie kwa kupanga vidonge mezani.

Mwishoni mwombe muuguzi aandike kwenye cheti namba inayopokea ujumbe mfupi. Ile ya kupiga haitamsaidia akivimba uso usiku wa manane. Kisha atume ujumbe wa majaribio mkiwa bado hapo dirishani, na msubiri ujibiwe.