Tafuta pa kumzika kabla hajafa
Una mbwa au paka mzee na umepanga Sinza, uani kote sakafu? Ongea sasa hivi na ndugu mwenye kiwanja Goba au Mbagala akupe kona. Joto la Dar halisubiri. Akifa asubuhi, azikwe siku hiyohiyo. Shimo liende chini kama mita moja, mbali na kisima, udongo ushindiliwe vizuri, la sivyo mbwa koko watamfukua. Hapo usizembee, hasa ikiwa daktari wa mifugo alimchoma sindano ya kumpumzisha, yaani ya kumuua asiteseke: dawa ile hubaki mwilini na inaweza kumuua mnyama atakayemla. Watoto waambie amekufa, basi. Ukisema kalala, usiku wanaweza kuogopa kulala. Na jirani anayecheka eti unamlilia paka, mwache acheke.